Karatasi Iliyomngoja Papa Asahau

Wengine baba zao huwaachia ng'ombe, ao shamba la kahawa huko kwa babu. Mimi wangu aliniachia sharti. Aliliandika kwa mkono wake, akalipigia mstari chini mara mbili kwa rula, akalisoma kwa sauti, akatabasamu. Alijiona amemaliza mambo yote ya dunia. Ningempata leo na zile akili zake za siku ile, tungeongea kidogo.

Papa alifanya kazi maisha yake yote kwenye biro ya vyeti vya ardhi, Ibanda, nyuma ya dirisha dogo lenye vyuma. Kama ulinunua parseli ya kujenga Bukavu zamani kidogo, labda alikufukuza. Usimchukie, alifukuza kila mtu. Mtu alikuja na faili la kaka yake aliye Kinshasa, la mume wake aliye kitandani, la shangazi aliyebaki nyumbani kwa sababu ya mvua. Papa alisoma karatasi zote toka mwanzo mpaka mwisho, pole pole, foleni ikinung'unika hadi barabarani, kisha akainua macho na kuuliza: "Mwenye parseli iko wapi?" Hayuko. "Basi akuye ye mwenyewe." Na faili lilirudi chini ya vyuma.

Kitu kimoja tu kilimlainisha: prokurasio iliyoandikwa vizuri, yaani ile karatasi ambayo mtu anampa mwingine mamlaka ya kumsimamia. Hapo alisoma mara mbili, akapima sahihi iliyo chini kama mama anavyopima nyanya sokoni, kisha akamwuliza aliyeileta: "Na weye, uko nani kwa mwenye parseli?" Jibu likimridhisha, kashe, ule muhuri wake, ilipigwa kwa nguvu mpaka wino ukaruka, na papa akaita, "Mwenye kufuata!"

Sisi watoto wake tulipata sheria hiyo hiyo mezani, tena bila vyuma vya kutukinga. Ukiomba kipande cha mkate kwa ajili ya mdogo wako, papa alikuuliza mwenye mkate yuko wapi, akuye ye mwenyewe. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu, homa imemshika, na bado alitakiwa afike mwenyewe ku guichet, dirishani pa papa. Tulicheka sana, kwa sababu papa mwenyewe alikuwa akicheka.

Alipostaafu, rafiki yake mmoja wa kazi alishikwa na ugonjwa wa kusahau. Watoto wa yule rafiki walimwekea kalamu mkononi siku moja baada ya chakula, wakamwongoza mkono, na nyumba ikauzwa yeye akiwa amekaa ndani yake na kipande cha bugali mdomoni. Papa alienda kumsalimia akamkuta kwenye chumba cha kupanga, anaulizia mlango wa kwake. Alirudi nyumbani Nguba. Asubuhi yake alivaa tai, akaniita kutoka Cimpunda ninakokaa, akaniambia tunaenda kwa notere, yule wa kuthibitisha mikataba.

Notere alikuwa kijana mwenye suti iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alimwona muzee, akaona binti yake, akadhani ni kazi ya dakika tano. Masikini. Alieleza kwa adabu kwamba prokurasio ya kawaida inaanza kazi wino ukikauka: leo unasaini, leo binti yako anaweza kwenda bironi na kusema kwa jina lako. Papa akasema hapana. Akasema mbele yangu, mimi nikiwa nimekaa pale pale kama kiti, kwamba hawezi kuniachia usukani wakati yeye bado anatafuna nyama kwa meno yake. Alinijua, nikishika usukani ninaendesha.

"Basi muzee ungoje siku ukigonjwa," alisema notere.

Papa alimwangalia kwa huruma. Mtu aliyepoteza akili hawezi kumpa mwingine mamlaka, kwa sababu yeye mwenyewe hana tena ya kutoa, na karatasi atakayosaini ni ya kufungia karanga. Kwa hiyo alitaka karatasi ya tatu. Aisaini leo akiwa mzima, lakini ilale. Isimpe binti yake kitu hata kimoja, hata ruhusa ya kuhamisha kuku, mpaka siku ile yeye papa atakapoacha kuwa papa. Siku hiyo iamke yenyewe.

Notere alifungua kitabu, akafunga, akafungua tena. Mwishowe alisema kwamba sheria yetu haina jina la karatasi ya namna hii, lakini inakubali mapatano yaliyofungwa kwenye sharti: jambo fulani likitokea, ndipo yaanze. Ila sharti liwe wazi, mtu wa nje aweze kulipima bila ugomvi. Muzee akizeeka, hilo si sharti. Muzee akianza kusumbua, hilo pia si sharti, maana muzee alikuwa ameshaanza. Iandikwe nani atasema kwamba siku imefika, na kwa alama gani. Na papa abaki huru kuifuta karatasi wakati wowote akiwa na akili zake. Na siku akifa, karatasi inakufa naye, yanayobaki ni ya warithi. Na mahakama ikija siku moja kumwekea msimamizi wake, basi neno ni la mahakama. Kwa kawaida, alisema notere, wanaandika tu kwamba daktari athibitishe.

"Daktari peke yake hapana," alisema papa. Cheti cha daktari, kwa maoni yake, siku hizi kilipatikana kwa urahisi kuliko sombe sokoni. Daktari aseme neno lake, sawa, lakini liongezwe jambo ambalo haliwezi kudanganya. Akavuta karatasi, akaandika yeye mwenyewe: karatasi itaamka siku ambayo, mbele ya notere na daktari, ataombwa mara tatu atie sahihi yake, na sahihi tatu zenye kufanana zisitoke.

Lazima nieleze hiyo sahihi. Ilianza na duara kubwa, ikashuka, ikapanda, ikajifunga kiunoni, ikamalizika na mstari mrefu uliokatwa ghafla. Alikuwa ameiweka kwenye vyeti vya nusu ya mji. Alijivunia sahihi ile kuliko alivyojivunia sisi, na kusema haki, ilikuwa na tabia nzuri kuliko sisi. Akilini mwake, mtu na sahihi yake ni kitu kimoja. Mtu akipotea, sahihi inapotea naye. Notere alijaribu kusema kwamba pengine mkono na kichwa si kitu kimoja. Papa alimkata jicho, na kijana akaandika alichoambiwa.

Yakaandikwa na mengine: kwamba ikiamka, nitamsimamia papa katika biro zote, nitailinda parseli ya Nguba, nitapokea pensheni yake, lakini siwezi kuuza nyumba ile mama akiwa hai. Notere akauliza kwa upole kwa nini binti, tena ameolewa, wakati kuna mtoto mkubwa wa kiume. Swali zuri. Ukoo mzima ungeliuliza baadaye, kwa sauti isiyo ya upole. Papa alijibu kwamba mkubwa ni mtu mwema sana, anaelewana na kila mtu. "Huyu hapa anabishana," alisema, akaninyoshea kidole. Ndiyo sifa pekee aliyonipa mbele ya watu, na nimeitunza.

Karatasi ikawekwa kwenye kabati la notere, ikalala. Miaka ikapita. Papa akaanza kwenda.

Sitasimulia yote. Kwanza majina ya barabara, kisha majina ya wajukuu, kisha wajukuu wenyewe. Siku moja nilipika samaki, nikampakulia, akala vizuri, akanishukuru na kuniuliza kama kwetu ni mbali. Nilienda kuoshea sahani nje ili nisilie juu ya samaki wa watu.

Lakini kila asubuhi aliamka saa kumi na mbili, akavaa koti, akafunga tai bila kioo, akataka kwenda kazini. Mara mbili majirani walimrudisha. Ndipo mama, ambaye hakuhudhuria atelye yoyote, yale mafunzo ya mashirika, alipovuta meza ndogo mpaka kwenye dirisha la sebule linalotazama ziwa, akaweka kalamu, kitabu cha zamani na kidau cha wino wa kashe kilichokauka. Papa alikaa. Alikuwa amefika kazini. Mama alisimama mbele ya meza na kikombe cha chai mkononi, akangoja zamu yake katika foleni ya mtu mmoja, mpaka papa amalize kupanga vitabu na kumwita: "Mwenye kufuata." Hapo alisogea, akaweka chai. Walifanya hivyo kila siku, na mama hakuwahi kuvunja foleni.

Nieleweke hapa, maana hapa ndipo kila kitu kinasimama. Nyumba ile ndiyo kitu cha mwisho papa alichokuwa bado anakijua. Kutoka kitandani mpaka msalani, kutoka msalani mpaka dirishani, miguu yake iliikumbuka hata kichwa kikisahau. Siku tuliyompeleka kwangu Cimpunda kwa sikukuu, alilia kama mtoto kwenye ngazi, anauliza nani amehamisha mlango. Ukimtoa Nguba, hutamhamisha. Utammaliza.

Basi kaka yangu akapata wazo.

Yaya, ndivyo ninavyomwita kaka mkubwa, anafanya kazi na mashirika. Kazi yake ni atelye. Anaweza kukusanya watu ishirini ambao hawana maji, akawagawia kalamu za rangi, na jioni wakarudi kwao bado hawana maji lakini wameshirikishwa. Alituita sebuleni, akabandika karatasi kubwa ukutani, juu kabisa ya picha ya Bikira Maria, akachora vyumba vinne: nguvu, udhaifu, nafasi, hatari. Parseli iliingia kwenye nguvu. Mnunuzi mmoja aliyetaka kujenga hoteli karibu na maji aliingia kwenye nafasi. Papa aliwekwa kwenye udhaifu, yeye mwenyewe akiwa dirishani, anapanga vitabu. Mama hakuwekwa popote.

Mpango ulikuwa huu: nyumba iuzwe, wazee wahamie kwenye vyumba viwili nyuma ya kwake, karibu na daktari, na mtu wa kuwaangalia. Sitasema uongo, nusu ya maneno yake ilikuwa kweli. Mama alikuwa amechoka, ngazi za Nguba zinateleza, na mimi nateremka kutoka Cimpunda mara tatu kwa wiki na magoti yangu yananiambia hivyo. Yaya hakuwa mwizi. Alikuwa mtu wa mipango, na mtu wa mipango hana ubaya, anataka tu kila mtu akae ndani ya chumba chake cha karatasi. Mama aliulizwa mwishoni, kwenye mambo mengineyo. Alisema: "Miye nitatoka hapa siku nitabebwa." Ikaandikwa kama pendekezo.

Nilienda biro ya vyeti vya ardhi kuweka pingamizi, nyumba isiuzwe. Kwenye dirisha, kwenye kiti chenyewe cha papa, palikaa kijana mwenye simu mbili. Alisoma karatasi zangu, nusu tu, akaniuliza mwenye parseli yuko wapi. Nusura nimbusu. Nikamwambia ni mgonjwa. Akauliza prokurasio. Nikampa nakala. Akasoma, akakunja uso, akasema hii inalala, niiamshe kwanza ndipo nirudi. Mwenye kufuata.

Kwa hiyo nilidai kipimo. Mimi. Kwa mdomo wangu. Nilimwita notere, sasa suti yake ilikuwa imezeeka vizuri, na daktari mmoja mama mtulivu wa magonjwa ya wazee, na yaya akaja pia kwa sababu hawezi kukosa mkutano. Daktari alimwuliza papa mwaka ni upi. Papa alitaja wa zamani sana. Aliulizwa rais ni nani; akamtaja marehemu, tena kwa heshima ya mtu anayeogopa kusikilizwa. Aliulizwa mimi ni nani. Alinitazama kwa adabu kamili, akasema ni maman mmoja anayekuja mara kwa mara, faili lake halijatimia.

Daktari aliandika. Mimi nilikuwa ninahuzunika na kufurahi pamoja, kitu ambacho sikitakii mtu. Kisha notere akaweka mbele ya papa karatasi nyeupe tupu, akamwomba atie sahihi.

Duara kubwa, ikashuka, ikapanda, ikajifunga kiunoni, mstari mrefu, kata. Nyingine. Nyingine tena. Ungeziweka moja juu ya nyingine usingeona tofauti. Akamrudishia kalamu, akafuta mikono, akauliza kama kuna la zaidi. Mtu hajui mwaka, hajui mtoto wake, hajui kama amekula, lakini sahihi ilikuwa imesimama pale na afya yake yote, kama mgeni asiyejua kwamba mwenye nyumba ameshahama.

Notere alivua miwani. Karatasi ilitaka mambo mawili pamoja, neno la daktari na sahihi kuharibika. La pili halikutokea. Akaandika hivyo na kupiga kashe: sahihi tatu, zote zinafanana, prokurasio inaendelea kulala.

Niliona uso wa yaya unafunguka taratibu. Aliomba nakala. Akaisoma mara mbili, akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba basi, tumshukuru Mungu, kwa kipimo alichokiweka papa mwenyewe, papa ni mzima. Na mtu mzima ana haki ya kuuza chake. Tena sasa tuna karatasi rasmi inayosema hivyo, na iliombwa na mimi.

Miezi yote sikuwa na silaha, nikaenda kutafuta moja, nikaipata, nikaifunga utepe na kumkabidhi kaka yangu. Kwenye WhatsApp ya familia ndugu waliotawanyika walinipongeza kwa uwazi. Binamu mmoja aliweka mikono miwili inayoomba. Nilitaka kurusha simu ziwani, lakini simu haikuwa na kosa, na bado ninailipia. Nilimwuliza notere kama tunaweza kwenda mahakamani kuvunja mauzo baadaye. Alisema ndiyo, inawezekana, majaji wangemsikiliza daktari. Nikauliza muda gani. Akasema ni miaka. Papa hakuwa na muda huo.

Siku ya kuuza ilikuwa Jumamosi asubuhi. Yaya alitaka kila kitu kiwe safi, mbele ya mashahidi, kwa hiyo alimwita tena notere na tena daktari, ili pasiwe na mtu wa kusema papa alishikwa mkono. Mnunuzi alikuja na viatu vinavyong'aa, akasimama katikati ya sebule akipima kuta kwa macho. Mama alikaa kwenye kona, amevaa kikwembe chake cha misa. Hakulia. Alikuwa amefunga mzigo mmoja mdogo, ukiwa miguuni pake, na sijawahi kumsamehe mtu yeyote kwa ule mzigo, hata mimi mwenyewe.

Yaya alitafuta mahali pa kumkalisha papa. Kulikuwa na kochi, kulikuwa na meza ya kulia. Akachagua meza ya dirishani, kwa sababu kalamu ilikuwa pale na mwangaza ni mzuri. Papa alikuwa tayari amekaa, koti, tai, vitabu vimepangwa. Yaya akaja upande wa pili wa meza, akasimama pale wanaposimama watu, akamwekea mkataba mbele yake, akamwonyesha mstari wa muuzaji.

Papa hakuchukua kalamu. Alichukua karatasi.

Alisoma. Mungu wangu, alivyosoma. Alipitisha kidole kwenye mipaka ya parseli, kaskazini, kusini, akarudi nyuma kuhakikisha namba, akageuza ukurasa, akalamba kidole, akageuza mwingine. Mnunuzi alikohoa. Hakuna aliyekohoa mbele ya dirisha lile akasaidiwa upesi. Papa alirudia ukurasa wa kwanza. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango. Niliwahi kulilia mkate mbele ya mtu huyu, nilijua kabisa kinachokuja.

Aliinua macho kwa yaya.

"Mwenye parseli iko wapi?"

Yaya alicheka kidogo. Akasema ni weye, papa, si uko hapa. Papa alitikisa kichwa. Alisema yeye ni mtumishi tu wa biro, hana parseli Nguba. Nguba ni kwa wakubwa. Notere alisogea, sauti yake imebadilika, akamwomba mara ya pili, rasmi, atie sahihi kwenye mkataba. Papa alijibu kwamba hawezi kusaini kwa mtu ambaye hayuko, hiyo ni kazi ya kufungwa. Daktari alikuwa ameacha kuandika. Notere akamwomba mara ya tatu. Sasa ni mama aliyesimama, akaenda mpaka mezani, akasema kwa sauti ndogo: "Ni weye, papa ya batoto. Nyumba ni yako. Ulinijengea."

Papa alimtazama mama muda mrefu, kwa huruma aliyowawekea wajane waliokuja bila karatasi.

"Hapana, maman," alisema. "Ule mwenye alikujengea, akuye ye mwenyewe."

Akausukuma mkataba mpaka ukingo wa meza. Ungevuka vyuma, kama vyuma vingekuwapo.

Mnunuzi alimwuliza yaya kama kuna mtu mwingine wa kusaini, lakini yaya alikuwa amegeukia ukuta, mahali ambapo karatasi yake kubwa ilibandikwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sikujua kwamba kaka yangu anaweza kulia bila kuandaa. Nilienda nikamshika mkono, na nilikuwa bado nimemkasirikia kabisa.

Notere alifungua mkoba. Alitoa karatasi ya papa, akasoma sharti kwa sauti, mistari miwili ya rula na yote. Ameombwa mara tatu, mbele ya notere na daktari. Sahihi tatu hazikutoka. Hata moja haikutoka. Akaandika, daktari akaweka neno lake na jina lake, mnunuzi akatafuta mlango. Prokurasio imeamka leo, alisema notere, na akanitazama kana kwamba anatoa pole.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikuwa nimeshinda. Nyumba imebaki, mama anaweza kufungua mzigo, papa atakufa karibu na dirisha lake. Na kila kitu nilichoshinda nilikishinda kwa sababu mtu pekee aliyeniamini kwa ubishi wangu hakuwa tena mahali popote tunapoweza kumtafuta. Nilitia sahihi yangu kando ya kashe ya notere. Ni sahihi mbaya, kama ya mtu anayefukuza nzi.

Papa alikuwa akinitazama. Akaninyoshea mkono, akataka karatasi. Notere alisita, kisha akamwachia.

"Na weye," aliniuliza papa, "uko nani kwa mwenye parseli?"

Nikamwambia niko mutoto wake.

Aliisoma yote. Aliporudia mara ya pili alifika chini, kwenye ile sahihi yenye duara kubwa na mstari uliokatwa, akaipitishia kidole pole pole, akaigeuza kwenye mwanga wa ziwa.

"Uyu mutu," alisema, "alikuwa anakutumainia sana."

Akakunja ngumi, akaipiga juu ya karatasi mara moja, kwa nguvu, mpaka kalamu ikaruka. Akanirudishia. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikarudi nyuma kama watu wote wanavyorudi.

"Mwenye kufuata," aliita.

Nyuma yangu alikuwa mama. Alikuwa ameshachukua kikombe. Akasogea.